Lisbon kwa wikendi moja na rafiki: tathmini ya mji wa vilima

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, unawafaa sana marafiki wawili kwa wikendi moja, ingawa sababu yake ni tofauti na ile inayotangazwa na mashirika ya utalii. Matangazo yanauza tramu ya manjano, lifti ya chuma, mnara wa kando ya mto na vitumbua vya krimu ya mayai. Vyote hivyo vipo, na kila kimoja kina foleni yake. Kinachoupa mji huu thamani kwa watu waliojuana miaka mingi ni zile nafasi zilizo katikati ya vivutio hivyo: ngazi zinazowalazimu kupumzika, viwanja vya kutazamia mji vilivyowekwa pale pale pumzi inapokatika, na mikahawa midogo ambako hakuna anayekuharakisha kunyanyuka. Nimeupima kwa kipimo hicho, yaani wasafiri wawili wanaofika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili usiku, walio tayari kutembea kwa miguu, na ambao wamesafiri pamoja ili wapate kuzungumza.

Kufika ni rahisi kuliko katika miji mikuu mingi ya Ulaya. Kiwanja cha ndege kiko ndani ya mji wenyewe, takriban kilomita 7 kutoka katikati, na kimepewa jina la Humberto Delgado, jenerali aliyethubutu kugombea urais mwaka 1958 dhidi ya mgombea wa utawala wa dikteta Salazar na ambaye aliuawa na polisi wa siri mwaka 1965. Si kila siku msafiri anapokewa na jina la mpinzani wa serikali. Tangu mwaka 2012 njia nyekundu ya metro inaanzia hapo hapo kiwanjani, na anayebadilisha treni katika kituo cha Alameda na kuingia njia ya kijani hushukia Rossio au Baixa-Chiado, vituo vya katikati ya mji, bila kuhitaji teksi. Kila msafiri awe na kadi yake ya nauli, iitwayo navegante, kwa kuwa kadi moja haiwezi kuwapitisha watu wawili katika safari moja. Anayehitaji viza ya Schengen azingatie kwamba ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, hivyo kuiomba kwa ajili ya wikendi pekee ni gharama isiyo na uwiano. Safari ya namna hii inamfaa zaidi aliyekwisha kuwa barani Ulaya kwa shughuli nyingine. Mji nao hutoza kodi ya utalii ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei unayoiona unapoweka nafasi ya chumba.

Kuhusu malazi, mtaa ni muhimu kuliko nyota za hoteli. Bairro Alto umejaa baa, na kelele zake hupanda hadi madirishani mpaka usiku wa manane, jambo ambalo wengine hulitafuta na wengine hulijutia. Alfama unapendeza kwa kutembelewa, lakini kuburuta sanduku la magurudumu katika vichochoro vyake vya ngazi ni adhabu, na hakuna teksi inayoweza kufika kwenye milango mingi. Kwa siku chache kiasi hiki ningeshauri Baixa, eneo tambarare lililo karibu na metro na tramu, hata kama jioni linajaa wageni. Nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeahidi vitanda viwili na ikatupa kimoja kipana. Mhudumu wa mapokezi akaeleza kwa upole mwingi kwamba hivyo ni vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja na kutandikwa shuka moja. Kwa kadiri ya maneno yake, hakusema uongo. Marafiki wanaothamini usingizi wao waulize mapema, tena kwa maandishi, iwapo vitanda vimetengana.

Sasa nije kwenye vilima, kwa sababu hapo ndipo mji unapojitetea wenyewe. Desturi ya kuuhesabia Lisbon vilima saba ni ya heshima zaidi kuliko ya hesabu, lakini miguu haina haja ya kubishana juu ya idadi. Karibu kila kilele kina miradouro, yaani kiwanja cha wazi chenye ukingo, mabenchi na mara nyingi kibanda cha kahawa, kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuutazama mji, nacho kwa kawaida hakina kiingilio. Utaratibu tulioufuata, na ambao ninaupendekeza, ni kuacha viwanja hivyo vipange siku. Asubuhi tulipanda taratibu kupitia Alfama hadi Santa Luzia, ambako ukuta wa kanisa una picha za vigae vya buluu: moja inaonyesha uvamizi wa ngome ya São Jorge, na nyingine uwanja wa ikulu wa kando ya mto jinsi ulivyokuwa kabla ya tetemeko la Novemba 1, 1755. Hatua chache mbele ni Portas do Sol, ambako mapaa mekundu yanateremka mpaka kwenye mto Tejo, mpana kiasi cha kudhaniwa kuwa bahari. Alasiri mahali pazuri ni São Pedro de Alcântara, upande wa pili wa bonde, kwa kuwa jua linaloelekea kuzama hulimulika ngome moja kwa moja. Jua lenyewe likizama, Senhora do Monte, juu ya mtaa wa Graça, hapana mshindani, ingawa siku hizi pamejaa watu.

Katika viwanja hivyo ndipo nilipoelewa kwa nini mji huu unawafaa marafiki. Kupanda kunakata mazungumzo, kufika juu kunayaanzisha upya, na mandhari yanatoa kisingizio cha kukaa kimya bila yeyote kujiona ananuna. Rafiki yangu na mimi tuna tabia zinazopingana: yeye huamka mapema na kupanga kila saa, mimi huamini kwamba kahawa ya pili haijawahi kumchelewesha mtu kwenye jambo la maana. Katika mji tambarare wenye makumbusho makubwa tungegombana kufikia Jumamosi mchana. Hapa kilima kilitulazimisha sote kwenda kwa mwendo mmoja.

Tetemeko hilo la mwaka 1755 linastahili kukumbukwa unapotembea, maana bila hilo ramani ya mji haieleweki. Lilitokea asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa waumini na mishumaa, likafuatwa na tsunami kisha moto. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alikuja kuitwa Marquês de Pombal, aliujenga upya mtaa wa Baixa kwa barabara zilizonyooka na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili mitikisiko. Alfama ulinusurika kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana ukivuka barabara chache tu unatoka katika mji uliopimwa kwa rula na kuingia katika mji uliojipinda wenyewe. Tahadhari moja ya kawaida: njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa vilivyolainishwa na nyayo, na mvua ikinyesha vinateleza vibaya, hivyo viatu vya soli laini vibaki nyumbani.

Tramu namba 28 ni mahali ambapo sikubaliani na washauri wengi. Magari yake ya miaka ya 1930 yanavutia, na njia yake kutoka Martim Moniz hadi Campo de Ourique inapita mitaa mizuri, lakini katika wikendi abiria husimama wakibanana kama dagaa, dirisha linaonwa na wachache waliobahatika kuketi, na wezi wa mifukoni wanaifahamu njia hiyo kuliko madereva. Anayetaka kuonja magari hayo ya zamani apande namba 24 kutoka uwanja wa Luís de Camões, ambayo hubeba wenyeji wengi zaidi. Vivyo hivyo lifti ya Santa Justa, iliyofunguliwa mwaka 1902 na yenye kimo cha mita 45: ni kazi nzuri ya chuma, itazame ukiwa chini barabarani, kisha panda kwa miguu kupitia mtaa wa Chiado. Kuhusu magari ya kamba yanayopanda miteremko, lile la Glória liliacha njia Septemba 3, 2025 na kuua watu 16. Baada ya hapo nadhani hakuna haja ya kumsisitizia mtu kwamba mteremko ule unapandika kwa miguu.

Huko juu, mlango wa pili wa Santa Justa unatokea Largo do Carmo, na hapa ninaomba msomaji atulie kidogo. Ni kiwanja kidogo chenye miti na chemchemi, na pembeni yake yamesimama magofu ya kanisa la Carmo, ambalo paa lake lilianguka mwaka 1755 na likaachwa hivyo hivyo, matao yake yakiwa wazi kwa mbingu. Karibu yake ni kambi ya askari ambamo waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha Aprili 25, 1974, akazingirwa na vikosi vya Kapteni Salgueiro Maia huku raia wakijaa kiwanjani, na jioni akasalimu amri. Utawala wa kidikteta ulioanza mwaka 1926 ukaishia hapo. Kwa msomaji wa Kiswahili habari hii si ya mbali hata kidogo: maofisa vijana walioasi walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika, na miongoni mwa waliowachosha ni FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Mabasi ya watalii hayasimami hapa, na kibanda cha vinywaji kina meza za kutosha. Sisi tulikaa muda mrefu kuliko tulivyokaa popote pengine.

Jumamosi kuna Feira da Ladra, soko la vitu vya zamani katika uwanja wa Santa Clara, ambalo hufanyika pia Jumanne. Bidhaa nyingi ni takataka, sahani zilizopasuka na nyaya za simu zisizo na wenyewe, lakini kubishania bei na rafiki akiwa pembeni kukukodolea macho ni burudani isiyo na gharama. Hatua chache kutoka sokoni ni Panteão Nacional, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1682 na kukamilika mwaka 1966, ambamo amezikwa mwimbaji Amália Rodrigues na, tangu mwaka 2015, mchezaji Eusébio. Rafiki yangu, ambaye ni mpenzi wa mpira, aliingia humo kwa ajili ya Eusébio peke yake: kijana aliyezaliwa Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo sasa, akafunga mabao 9 katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 na kuwa mfungaji bora. Kumwona amelazwa miongoni mwa marais na waandishi wa nchi iliyolitawala taifa alikozaliwa kunamwacha mtu na mawazo mawili yasiyopatana. Kupanda hadi kibaraza cha paa kunalipa tikiti yote.

Belém, mtaa wa kando ya mto ulio magharibi mwa mji, inachukua nusu siku, na nilikuwa na wasiwasi nayo kabla ya kwenda. Tramu namba 15 inafika huko ikipita kando ya mto. Monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1501 na ambayo pamoja na mnara wa Belém imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1983, ina foleni mbili: ya ua wa ndani, ambayo ni ndefu na ya kulipia, na ya kanisa, ambayo ni fupi na ya bure. Kwa wikendi kanisa linatosha. Ukiingia tu, upande wa kushoto, pana kaburi la Vasco da Gama, lililochongwa kwa mawe meupe na kupambwa kamba na merikebu. Hapo pameandikwa sifa. Hapajaandikwa kwamba mwaka 1498 hakupokewa vizuri Mombasa, kwamba Malindi ndiko alikopata nahodha wa kumvusha hadi India, na kwamba waliokuja nyuma yake walirudi pwani hiyo na mizinga. Sisemi kaburi lingepaswa kueleza yote hayo. Nasema tu kwamba msomaji wetu ataliona kwa macho tofauti na wale wanaopiga nalo picha. Nje, mnara wa ukumbusho wa wavumbuzi, uliojengwa mwaka 1960 utawala wa Salazar ukiwa bado na nguvu, haukunigusa hata kidogo. Vitumbua vya duka la Pastéis de Belém, linalovioka tangu mwaka 1837, vinastahili sifa zake: gamba jembamba linalovunjika, krimu yenye joto, na mdalasini wa kunyunyiza mwenyewe. Watu wengi hupanga foleni ya kununulia dirishani bila kujua kwamba ndani kuna kumbi kubwa za kukaa.

Katika chakula, ubora ulipanda kadiri tulivyojitenga na barabara zenye wahudumu wa kukuita mlangoni. Tasca, yaani mgahawa mdogo wa mtaani wenye menyu ya siku iliyoandikwa kwa mkono, ndio wa kutafutwa wakati wa mchana: dagaa wakubwa wa kuchoma, bacalhau ambaye ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi na kupikwa kwa namna nyingi, supu ya kabichi, bei ya kawaida. Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani kabla hujaagiza si zawadi. Hutozwa ukivila, na kuvirudisha si utovu wa adabu. Mgahawa mmoja wa Baixa ulitutoza hata kwa zeituni ambazo hatukuzigusa, na ikabidi tuombe bili irekebishwe, jambo ambalo mhudumu alilifanya bila hata kujidai kushangaa.

Fado tulikwenda kuisikiliza Jumamosi usiku katika nyumba ndogo ya Alfama. Muziki huu umo tangu mwaka 2011 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na una kanuni ambayo mgeni lazima aiheshimu: taa zikipunguzwa, kila mtu hunyamaza, hata vijiko. Aliyezoea taarab, ambako msikilizaji anayeguswa na ubeti hunyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, ataona ugumu kuketi kimya na uchungu wote ule. Mwimbaji alisimama kati ya meza bila kipaza sauti, gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 likijibu kila mstari. Muziki ulikuwa bora. Chakula kilikuwa cha kawaida na cha bei kubwa, kwani katika nyumba nyingi za fado unalipia kiti kwa jina la chakula cha jioni. Ningerudi, lakini nikiwa nimeshakula.

Vitu viwili visivyoingia katika orodha za kawaida vilitupendeza kupita kiasi. Cha kwanza ni Largo de São Domingos, pembeni ya Rossio, ambako Waafrika wa Lisbon, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, hukutana, husalimiana na kuuza hiki na kile mbele ya kanisa lililoungua mwaka 1959, ambalo nguzo zake zimeachwa zikionyesha majeraha ya moto. Hapo hapo kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mwaka 1506. Cha pili ni kivuko cha kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ng'ambo ya Tejo, safari ya takriban dakika 10 kwa nauli ndogo ya kadi ile ile. Kutoka majini ndipo mji unapoonekana mzima, vilima vyake vyote kwa mara moja, na daraja la 25 de Abril, ambalo lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi.

Kwa upande wa fedha, tuliweka kiasi sawa katika mfuko mmoja wa chakula na usafiri, na kila mmoja akalipia matamanio yake, mpango ulioondoa kabisa ile hesabu ya nani alilipa kahawa ya nani. Tulitengana pia kwa muda Jumamosi alasiri, yeye akaenda uwanja wa Benfica kwa metro ya buluu, nami nikaingia Bertrand, duka la vitabu la Chiado lenye historia inayoanzia mwaka 1732. Sintra, mji wa makasri unaofikiwa kwa treni ya takriban dakika 40 kutoka Rossio, tuliuacha makusudi, kwani unameza siku nzima na wikendi haina siku ya kumezwa.

Mji huu haumfai mwenye maumivu ya magoti, wala anayetaka makumbusho makubwa mfululizo. Kiangazi, watu na joto huondoa nusu ya raha, hivyo Machi, Aprili na Oktoba ni bora. Anayeruka kwenda nje ya Schengen afike kiwanjani mapema, kwa kuwa ukaguzi wa pasipoti una foleni yake mbali na ule wa mizigo. Metro hufanya kazi kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 7 usiku, hivyo ndege ya usiku wa Jumapili inafikika kwa treni, ila ile ya alfajiri ya Jumatatu itakulazimu kuita teksi.